Mlango Unaotazama Ziwa

Kwa mkono wa Parokia,
Maguu,
Mbinga.
20 Oktoba 1996

Mpendwa Shangazi Mektilda,

Shikamoo Shangazi. Marahaba yako naipokea hata kabla haijaondoka Tabora, maana najua hujawahi kuninyima. U hali gani? Magoti yanaendeleaje? Uliandika kwamba yanalia kila ukipiga magoti kanisani na kwamba mzee wako Aloisi anakucheka. Mwambie asicheke sana, naye zamu yake inakuja. Na asali mliyotutumia Krismasi ilifika salama, ingawa chupa moja ilipungua njiani kwa namna ambayo aliyeileta hakuweza kuieleza.

Sisi huku hatujambo. Wifi yako, yaani Mama, anakohoa asubuhi tu. Jua likishapanda anasahau kwamba alikuwa mgonjwa na kuanza kutugombeza. Kaka Vitalis mzima, mkewe Albina mzima. Binti yao Lidia alimaliza kidato cha nne, akakaa nyumbani akisubiri matokeo, na sasa Mungu amesaidia, amekwenda chuo cha ualimu. Nyumba imepoa bila yeye.

Mvua bado. Milima imekauka, na kila upande watu wanafyeka na kuchoma. Hewa ina harufu ya moshi na vumbi, ile harufu uliyosema ukiisikia Tabora unakumbuka nyumbani mpaka unashindwa kula.

Habari za kahawa utakuwa umezisikia redioni. Siku hizi si ushirika peke yake unaonunua. Wanakuja na wanunuzi binafsi, kila mmoja na lori lake, na kila mmoja anasema mwenzake ni mwongo. Kaka Vitalis amejifunza ujanja wa kungoja. Anaweka kahawa ndani, anasubiri huyu apite na yule apite, mpaka atokee wa kumpendeza. Na kahawa hiyo, Shangazi, ilikuwa ikikaa chumbani kwangu.

Hapo ndipo inapoanzia habari yenyewe. Vuta kigoda ukae vizuri.

Unajua kwamba mimi nilikuwa nalala kwenye ghala tangu Baba alipofariki. Zamani haikuwa taabu. Msimu wa kahawa nilihamia kwa watoto, ushirika ukibeba magunia narudi kitandani kwangu, na harufu ya kahawa ilinipa ndoto nzuri. Lakini tangu biashara ilipofunguliwa, magunia hayaondoki upesi. Mwaka huu mwezi Machi ulinikuta bado nalala chini, miguuni kwa Lidia, na kahawa imelala kitandani kwangu. Sikulalamika. Mtu akikaa nyumba ya kaka yake miaka mingi, malalamiko hujifunza kutembea kwa ncha za vidole.

Tarehe kumi na tatu Machi ni siku ya somo wangu, na ndiyo siku niliyozaliwa pia, maana unakumbuka Padre alifungua kalenda yake akanipa jina la mtakatifu wa siku ile. Miaka yote siku hiyo nakwenda misa, narudi, nachukua jembe. Lakini Lidia alikuwa ametoka shuleni na mambo mapya. Alikaanga maandazi akayapanga kwenye sahani, akachukua kipande cha mshumaa uliobarikiwa Februari, ule tunaouweka kwa ajili ya radi na kwa ajili ya mtu anayekata roho, akauchomeka juu ya maandazi na kuuwasha. Mama alipoingia na kuona ule mshumaa unawaka alidondosha ungo, akauliza ni nani anayekufa. Tulicheka mpaka machozi. Mama hakucheka. Alisema ni Kwaresima, na mishumaa ya Mungu si ya kuchezea kwenye mafuta ya kupikia.

Lidia akanishika mabega. Akasema, "Shangazi Ephrasia, funga macho. Taka kitu, usitutajie, halafu zima."

Nilifunga macho. Nikatafuta kitu cha kutaka, na kwa muda sikupata. Unaweza kuamini? Miaka arobaini, na mtu akikuuliza unataka nini unakuta ndani kumefagiwa. Nilitaka Mama apone kikohozi, lakini hiyo ni sala ya kila siku. Nilitaka mvua njema, lakini hiyo ni ya wote. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Mimi miaka yangu ilifika arobaini nikakamatwa sina hata nilichoiba.

Kisha nikauona mlango. Mlango wa mbao tu, umefunguliwa nusu, na nje yake ziwa. Niliutazama mpaka nta ikaanza kudondokea maandazi, na Lidia akanisukuma nizime.

Unaukumbuka mteremko wa Babu, ule wa upande wa machweo, ambao haujalimwa tangu ulipoolewa? Asubuhi ukungu hujaa mabondeni, vilele vinabaki vinaelea, na mtu akikuita kutoka ng'ambo unasikia sauti tu, kama vile mlima ndio unaokujua jina. Mchana ukungu unanyanyuka, na ziwa linajitokeza kule chini, upande wa Lipingo. Kwa mbali halionekani maji. Linaonekana kama kipande cha mbingu kilichosahau kupanda. Nimekuwa nikienda pale kutafuta kuni tangu usichana, na siku zote narudi na kuni chache kuliko muda niliopotea. Albina husema kuni za mteremko ule zina usingizi.

Kuna mama mmoja wa Lipingo, Anjela, ambaye hupanda huku na usipa wake, vile visamaki vikavu vya ziwani, kubadilishana na maharage yetu. Aliwahi kuniambia kwamba jioni, wao huko chini hukaa mchangani wakitazama mioto ya milimani na kubahatisha huu ni wa nani na ule ni wa nani. Nilishangaa sana. Maisha yangu yote nilidhani sisi ndio tunaowatazama wao. Nikamwuliza kama moto wa kwetu anauona. Akasema, "Wa kwenu hapana, Dada. Uko nyuma ya mgongo wa mlima." Maneno hayo yalinikaa. Na usiku ule wa maandazi, nikiwa nimelala chini nikisikia Lidia anavyopumua, nilitaka moto wangu uonekane kutoka Lipingo.

Mtu aweza kutaka kitu hivyo na kulala nacho mpaka kaburini, na mimi nina kipaji hicho. Wachumba walipokuja niliwaambia wangoje Mama apone. Mama akapona, wachumba hawakurudi, nami nikaendelea kutazama ziwa. Safari hii niliogopa. Niliona kwamba nikiamka asubuhi bila kufanya jambo, ule mlango utajifunga taratibu na mimi mwenyewe nitasema ni upepo.

Basi jioni iliyofuata nilipika kama kawaida kwa ajili ya sengu. Wewe uliyekulia hapa unajua: wanaume wa ukoo hula pamoja uani kwa mkubwa wao, na humo ndimo mambo yote huamuliwa, shamba la nani, mahari ya nani. Sisi wanawake tunaleta ugali, tunaweka, tunarudi jikoni. Nimeleta ugali huo tangu mikono yangu haijafika ukingoni mwa sahani. Jioni hiyo niliuleta, nikauweka, na badala ya kurudi nikakunja miguu nikakaa.

Usiombe, Shangazi. Baba Mdogo Tarsisi alikuwa ameshaloweka vidole kwenye beseni la kunawia, akavitoa. Binamu Valentino akatazama juu kana kwamba mvua inakuja. Hakuna aliyejua kama inafaa kula mimi nikiwa pale, na hakuna aliyejua neno la kuniondolea. Ugali ukaanza kupoa.

"Ephrasia," akasema Baba Mdogo, "kuna kilichosahaulika?"

"Hakuna, Baba Mdogo. Nimekaa."

"Umekaa."

"Ndiyo. Nina neno."

Nikalisema. Naomba mteremko wa Babu, nilime na kujenga. Kaka Vitalis alikuwa ameinama. Alipoinua uso niliona nimemuumiza, na hilo sikulitarajia. Nilijiandaa kwa hasira.

"Nyumba yangu imekukosea nini?" akaniuliza.

"Haijanikosea, Kaka. Ni nzuri. Ni yako."

Akasema mteremko ule ameutengea kahawa, miche iko kitaluni, na safari hii bei iko mikononi mwa mkulima. Akasema mwanamke kujenga peke yake ni kuwaambia watu kwamba ndugu zake wamemfukuza. Hilo la pili lilikuwa na ukweli. Nadhani ni njaa ya Baba Mdogo iliyotuamulia. Alitazama ugali, akatutazama sisi, akasema haraka haraka kwamba mteremko ni wa anayeulima. Ephrasia apewe msimu huu. Akiutia ngoro wote kabla mvua haijakata, ajenge. Akishindwa, Vitalis apande kahawa yake, na neno hili lisirudi tena kwenye chakula.

"Na nani atampangia majani?" Valentino akauliza, tayari anacheka.

"Mimi," nikasema. Wakacheka wote, hata Kaka. Nikaondoka ili wale.

Huko Tabora kwenye tambarare huenda umesahau ngoro zinavyotusumbua, kwa hiyo nikukumbushe. Mwanaume hufyeka majani, anayaacha yanyauke, kisha anayalaza kwa mistari juu ya mteremko, ya kushuka na ya kukatisha, mpaka mlima unakuwa miraba mitupu. Mwanamke ndipo anapoingia na jembe, anachimba katikati ya kila mraba na kuyafunika yale majani kwa udongo na mbegu za maharage. Yanabaki mashimo yenye kuta, na maji ya mvua yanakaa humo badala ya kuondoka na shamba. Nimechimba mashimo hayo maisha yangu yote. Kulaza majani sijawahi. Nilikuwa ndani ya mraba siku zote, sijawahi kusimama mahali ambapo mraba unaamuliwa.

Nilifyeka mpaka viganja vikachubuka. Na nilipoanza kulaza majani nikafanya kosa ambalo hata mvulana wa kwetu asingelifanya. Niliona mteremko mkubwa na mvua haingoji, nikajiambia nikiupanua mraba, miraba itakuwa michache nami nitamaliza upesi. Nikaipanga mipana, mizuri kwa kutazama. Nikachimba, nikafukia, nikarudi nyumbani naimba. Kisha ikaja mvua ya usiku kucha. Shimo pana kwenye mlima mkali linabeba maji mengi kuliko ukuta wake unavyoweza. Asubuhi nilikuta safu ya juu imepasuka na kuiangukia ya pili, na ya pili ya tatu, na maharage yangu yamekwenda kijitoni.

Nilikaa kwenye matope nikalia. Sikufichi. Sikulilia maharage. Nililia kwa sababu nilijua sasa hivi nitainuka na kwenda kumwambia Kaka apande kahawa, na moyo wangu utatulia, na hilo la kutulia ndilo lililonitisha.

Kaka alikuja mwenyewe. Alisimama juu ya njia na jani la mgomba kichwani, akatazama kazi yangu kwa muda mrefu.

"Umempangia Baba Askofu kitanda?" akasema. Kisha akaenda zake.

Nilimchukia mpaka jioni. Lakini kesho yake alfajiri akaja Albina, jembe begani, akavua viatu bila salamu. Akasema, "Mraba ni mpini mmoja wa jembe na nusu. Usizidishe. Na pale mlima unapokuwa mkali zaidi, punguza." Nikamwuliza nani amemwambia. Akasema nisimwulize, maana aliyemwambia amemkataza kumtaja, na usiku kucha hakumwachia blanketi kwa kugeuka geuka. Tukatazamana. Wifi yangu yule ana kicheko kibaya, kikianza hakizimiki, nasi tulicheka kwenye mvua na tope kama wendawazimu.

Tulifumua yote, tukapanga upya. Ijumaa baada ya Njia ya Msalaba wakaja akina mama wa jumuiya, wengine kwa kusaidia, wengine nadhani kwa kuona mwanamke anayelaza majani. Baada ya Pasaka walibaki wale wa kusaidia. Mvua ilipokata, mteremko wa Babu ulikuwa umefunikwa na ngoro kutoka juu mpaka kijitoni, na maharage yameshatoa majani mawili mawili.

Sengu iliyofuata Lidia ndiye aliyeleta ugali. Mimi nilikuja nyuma yake nikakaa, safari hii bila kuulizwa. Kaka Vitalis alinawa. Kwa kawaida beseni humwendea Valentino. Kaka alilisukuma likanijia mimi. Miche yake ameipanda nyuma ya zizi, mahali pabaya, nami najua ni kwa ajili yangu.

Nisikueleze nyumba kwa urefu. Tofali tulifyatua Juni, baridi ikituuma vidole. Valentino aliyenicheka ndiye aliyejenga, na kwa kila mstari alidai togwa kana kwamba kinywa chake kina moto. Ni vyumba viwili na jiko, imeezekwa nyasi, bati ni neno la baadaye. Mlango nilimwagiza Fundi Joakim wa Kigonsera, yule aliyejifunzia useremala misheni. Alipokuja kupima akauliza nataka utazame wapi, maana nyumba zote hapa zinatazama uani kwa mkubwa. Nikamwonyesha ziwa. Akaniambia upepo wa huko utaniingilia mpaka kitandani. Nikamwambia uingie, nimeungoja.

Nilihamia mwisho wa Agosti. Sitakudanganya kwamba ni furaha tupu. Usiku wa kwanza niliamka nikitafuta miguu ya Lidia. Kuna jioni napika chakula cha watu wengi kwa mazoea, halafu nakitazama. Na kilichoniuma zaidi ni Mama. Nilijenga chumba cha pili kwa ajili yake, na alipokiona alisifu kuta, akasifu dirisha, akasema haji. Mahali pa mama ni kwa mwanawe wa kiume, akasema, na watu watamsema Vitalis. Nilikasirika, Shangazi. Miaka yangu yote niliyobaki hapa nilisema ni kwa ajili yake, na sasa nilikuwa na chumba, naye hakitaki. Wiki kadhaa nilimsalimu kwa ufupi.

Basi Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilikuwa ndani napepeta mchele. Mlango ulikuwa wazi, ziwa limetulia, na kwa mbali wale wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda juu ya maji kama nguzo ya moshi inayotembea. Nikazama humo kama kawaida yangu. Nikasikia mtu nje.

"Hodi."

Niliijua sauti, lakini sikuamini. Mama hajawahi kunipigia hodi. Angepiga wapi? Alinizaa, alinilea, nikazeeka jikoni mwake, na mlango kati yetu haukuwapo.

"Hodi hapa," akasema tena.

Nikatoka. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kizingitini, hakukanyaga, amevaa kanga zake za Pasaka na viatu. Mkononi ana kuku amefungwa miguu, na kichwani kikapu cha unga, kama mama anavyokwenda kumtembelea binti aliyeolewa mbali. Kutoka kwa Vitalis hadi kwangu ni kuvuka bonde tu, lakini alikuwa amevaa kwa safari.

Akaniambia, "Wenzangu wote huenda kwa binti zao wakapikiwa. Mimi sikuwa na pa kwenda. Ningehamia hapa ningekuwa wapi mgeni?"

Nilisimama pale, Shangazi, mdomo wazi, na neno halikuja. Nimesema karibu mara elfu katika nyumba ya Baba, na katika nyumba ya Kaka, na yote ilikuwa karibu ya watu wengine. Mama akangoja. Kuku akapiga mabawa. Mwisho akatikisa kichwa, akasema, "Ephrasia, mzigo ni mzito. Huku kwako hawajibu hodi?"

Nikasema karibu. Nilisema na machozi yakanitoka, nikampokea kikapu, na Mama akainama kidogo kama afanyavyo kwenye nyumba za watu, akaingia.

Nimsalimie nani? Msalimu Mzee Aloisi, Shikamoo yake nyingi. Wasalimu wanao Margareta na Otilia na watoto wao, waambie maharage ya msimu huu ni matamu na yana jina langu. Mama anakusalimu, amesema Mungu akikupa magoti mazuri, uyatumie kupanda mlima. Kaka Vitalis na Albina wanakusalimu. Mungu akulinde ulalapo na uamkapo, na akuzidishie siku za kutaka mambo.

Ukija, Shangazi, usipandishe mpaka kwa Vitalis. Ukivuka kijito shika njia ya kushoto, fuata ngoro mpaka uone ziwa, kisha upige hodi. Sasa najua kujibu.

Ni mimi mwana wa kaka yako, nikupendaye sana,

Ephrasia